Ratili

Filamu ya baba imefika Trois-Rivières.
Tiketi nimelipa mwenyewe, nusu bei, ya wazee.
Mto umeganda, theluji imenifuata hadi mlangoni;
nimekaa kiti cha pembeni, koti sikulivua.

Mwigizaji ni mzuri mno.
Vidole vyake laini kama vya karani wa benki,
na kila akigusa kamba anatetemeka,
na fidla nazo zinatetemeka pamoja naye.
Baba hakutetemeka,
ila akitia uzi katika tundu la sindano
kushona vifungo vya shati lake la kazi,
maana mama aliapa kutoligusa.

Wamempa chupa ya wiski. Hakunywa.
Wamempa jinamizi, anaamka akipiga mayowe.
Baba alikoroma.
Alikoroma kama mtu aliyekwisha kulipa kodi.

Yale mengine nani angewaambia?
Kwamba alipanda treni kwa jina la kuazima:
Ovila Charland akabaki nyumbani, kofia msumarini,
na yule mwingine akashuka popote alipoitwa
na sanduku la mbao, kamba, mikanda, kipande cha chaki,
na mkate wa mama. Huo hakumnyima.

Kwamba mzani wake ulikuwa machoni.
Bata mzinga sokoni, gunia la viazi, padri akipita:
alitazama mara moja, midomo ikacheza,
wala hakukosea ratili.

Siku ya harusi yangu, mwaka wa hamsini na tatu,
Fernand amesimama mbele, nywele zinang'aa mafuta,
baba kanishika mkono ananipeleka kwake.
Katikati ya kanisa, chini ya sauti ya kinanda, nikasikia:
"Mia moja hamsini na nne."
Kisha, taratibu, kama anayekumbuka deni:
"Futi sita na nusu."

Nikamgeukia. Machozi yalikuwa yamefika ndevuni.
Watu wakasema, tazama mzee anavyompenda binti.
Fernand naye aliamini hivyo mpaka anazikwa,
na mimi nilimwacha aamini.

Taa zimewashwa. Wamelia wengi, wanakunja leso.
Kijana wa tochi ananishika kiwiko kwenye ngazi:
"Bibi, imekupendeza?"
Namtazama, viatu hadi kola,
na nahisi midomo yangu inacheza.

Mia moja thelathini na moja. Hazifiki na mbili.

"Kula, mwanangu," nikamwambia,
"baridi bado ipo."