Kiinua Mgongo

Miaka kumi na mmoja nimefagia ua wa mnunuzi wa tumbaku,
na siku aliyohama hakunipa bahasha.
Alinipa tangi la kioo na viumbe wawili.
Kwa hiyo hapa Isevya wakiniuliza, Mihambo, mafao yako yako wapi,
nawajibu: yana mikia, yanakula minyoo.

Aksolotli, alisema. Nikalitafuna jina hilo njia nzima
juu ya guta, nimelikumbatia tangi kama mgonjwa,
maji yakinimwagikia mapajani.
Kalunde alifungua mlango.
"Kambare gani huyu mwenye manyoya masikioni?"
Si kambare.
"Basi mjusi."
Si mjusi.
Ni mtoto aliyekataa kukua akazeeka hivyo hivyo,
ukimkata mguu anaotesha mwingine,
na anacheka. Hata akilala anacheka.

Wakizaa, nikamwambia mke wangu, tutauza.
"Kwa nani?"
Hilo nililiacha lipite.

Kwanza, baridi. Hawa si watu wa Oktoba ya Tabora,
mwezi unaokausha hadi mate.
Nikaanza kugandisha chupa za maji
kwenye friza la Kalunde, foleni moja na barafu zake za ubuyu
anazowauzia wanafunzi.
Chupa mbili. Nne. Nilipofika nane
ubuyu ukakosa nafasi, ukayeyuka,
ukatambaa sakafuni mwekundu kama tumechinja,
na mke wangu akahamia chumba cha cherehani
na mto wake.

Pili, watenganishwe. Dume kwenye beseni, jike tangini,
majuma matatu wasinusane,
ili wakikutana wawe na la kusema.
(Mimi nami nikajua upana halisi wa godoro la tano kwa sita.)

Tatu, mawe bapa yenye kukwaruza; niliyaokota kando ya reli.
Maana dume hamshiki jike.
Anatangulia, anaacha vifuko vyake vyeupe juu ya jiwe
kama mtu anayedondosha ufunguo makusudi,
na anayemfuata anaokota, akitaka.
Akitaka.

Januari, hakuna. Machi, hakuna.
Nilikaa mbele ya kioo na tochi
kama shangazi chini ya dirisha la maharusi.
Kalunde akapita na ndoo:
"Wewe ungeweza, ukimulikwa hivyo?"

Julai, Jumamosi, umeme ukakatika.
Friza likanyamaza. Upepo wa kipupwe ukaingia chini ya mlango,
wa bure, mkali kuliko chupa zangu zote.
Nikamrudisha dume kwa kupapasa gizani,
nikasema, haya, mambo yenu, mimi nimechoka.
Usiku Kalunde akaja na shuka.
Akasema chumba cha cherehani kina baridi.
Akasema ni baridi tu.
Sikuongeza neno. Kwa dume nilishajifunza:
dondosha ufunguo, endelea mbele.

Jumatatu yeye ndiye aliyeona.
Ule mmea wa plastiki ulikuwa umejaa punje za utelezi,
kila punje na nukta nyeusi ndani yake, kama jicho lisilo na kope.
Akahesabu kwa kidole juu ya kioo hadi mia mbili na kumi na nne,
akapotea, akaanza upya.
Nikamwambia tuwatoe wazazi, wanakula mayai yao.
"Wa namna hiyo nawajua," akasema, "na hawana mikia,"
akawachota kwa chujio lake la juisi.

Makopo ya barafu akayaosha yote, akayapanga dirishani.
Chakula kipo: tairi bovu nyuma ya choo
limejaa viluwiluwi vya mbu,
na ni mara ya kwanza mbu wa Isevya kutufaa kwa lolote.

Jioni akachukua kile kibao chake cha boksi,
chini ya BARAFU SH. 100 akasimamisha kalamu.
"Linaandikwaje?"
Nikamtajia herufi moja moja. Akafika ya nne, akakata,
akaandika:
WATOTO WASIOKUA WAPO.
ULIZA NDANI.