Mizani ya Nyakalengija

Langoni mizani imening'inia kwa kulabu,
sindano yake inatetemeka kama mwenye homa.
Tunapopanda kila mtu anaitazama:
kilo ishirini na mbili, usizidishe hata mkate.
Tunaposhuka nani anajali?
Mzigo mwepesi humfurahisha mbebaji,
na mlima hauna mdomo wa kushtaki.

Mimi Ithungu, binti wa Masereka,
nimebeba mahema ya watu nisiowajua majina,
sufuria, kamba, meno ya chuma ya kukanyagia barafu,
na safari moja, kiti cha kukunja
cha bwana aliyetaka kuliona jua likichomoza
akiwa amekaa.
Sisemi ni watu wabaya. Wakifika juu wanalia.
Wanakumbatiana, wanapiga picha,
kisha wanafukia mkebe wa gesi chini ya jiwe
kama paka.

Mwaka huu, kwenye kinamasi cha Bigo,
ubao wa njia ulikatika nikazama hadi paja.
Mkono uliotafuta shina la kushika
ukaibuka na kitu laini, chekundu:
karatasi ya peremende.
Naijua. Niliinunua mwenyewe dukani Ibanda,
safari yangu ya kwanza, miaka tisa iliyopita,
nikaitupa papo hapo, nikilamba midomo.

Miaka tisa!
Nzururu, theluji ya babu zetu,
imejikunja kama ngozi iliyoanikwa,
lobelia zimechanua, zimekufa zikiwa wima,
mama yangu tumemzika.
Karatasi haijapauka hata herufi moja.

Mgeni wangu akauliza: umeokota dhahabu?
Nikamwambia: deni.

Siku ile sikumhimiza mtu kushuka.
Niliinua mawe.
Mikebe mitatu. Betri. Soksi moja.
Bendera ya nchi nisiyoijua.
Na ule uchafu usiotajwa mbele za watu,
nao niliufunga, nikaubeba,
maana mto Mubuku hauoni haya:
unachokiacha huku juu
shangazi anakiteka asubuhi kwa dumu la manjano.

Langoni nikatundika gunia.
Bwambale mlinzi akacheka, "Umeshuka na mawe?"
Sindano ikahangaika, ikatulia kumi na moja na nusu.
Daftarini hapakuwa na safu ya kuiandika.
Akakuna kichwa. Akapiga mstari mpya, umepinda,
akaandika juu yake: KUSHUKA.

Karatasi ya peremende haikupimwa.
Ipo mfukoni. Haina uzito wowote,
na ndiyo iliyonichosha.