Diski ya Nne

Kompyuta yenyewe ni ndogo, kama kopo la biskuti.
Nimeiweka kabatini, chini ya mashuka ya marehemu mama,
mlango nusu wazi ili ipumue.
Diski tatu zimening'inia kwake kwa nyaya za USB
kama vitoto vya paka kwenye chuchu,
kila kimoja kinanyonya umeme,
na mama mwenyewe hana maziwa ya kuwatosha.
Ya nne haikai hapa. Tutaifikia.

Binti yangu Leonilde alinionya kutoka Porto:
"Baba, usitegemee USB mchana na usiku.
Ufagio ukigusa waya tu, diski imekwenda."
Nikamjibu, mimi nina pensheni, sina kiwanda.

Ndani yake mna harusi za Covilhã, miaka thelathini na minane:
mabibi harusi kwenye theluji, viatu mkononi,
wafumaji wa sufu ndani ya makoti ya kuazima,
mlevi yuleyule katika harusi kumi na moja,
ambaye mpaka leo sijui alikuwa mjomba wa nani.

Wiki tatu nzima diski ya tatu ilitoroka.
Saa tisa na dakika ishirini usiku: tii. Haipo.
Asubuhi nachomoa, nachomeka, inarudi
bila haya, kama mume aliyelala kwa jirani.
Nikabadilisha waya. Nikabadilisha tundu.
Nikapiga magoti, tochi mdomoni,
hata nikamkamata mwizi: jokofu.
Likianza kunguruma, umeme unayumba kidogo,
na ile diski, dhaifu kuliko wenzake, inazirai.
Nikanunua kigawanyio chenye plagi yake,
yuro ishirini na sita.
Tangu hapo hakuna aliyezirai.

Kisha, mwezi Machi, akaja Graciete.
Hakupiga simu. Hakuvua koti.
"Bwana Ilídio, nasikia hutupi kitu.
Zangu na Amadeu, zifute."
Sikuuliza. Mpiga picha za harusi hujifunza kutouliza.
Septemba, elfu mbili na tatu. Picha mia nne na kumi na mbili.
Anacheka macho yamefumba,
Amadeu kamshikia shela upepo usiichukue.
Nikabonyeza. Zikaenda.
Akashusha pumzi, akashika kitasa.

Na mimi, mjinga wa kusema kweli, nikasema:
"Bado. Kuna nakala diski ya pili.
Na kila usiku ya tatu huiga ya pili.
Na ya nne iko Fundão kwa dada yangu,
ndani ya boksi la viatu, nyumba isije ikaungua."

Hapo ndipo alipovua koti.
"Kwa hiyo kwako mtu huachana mara nne?"
"Kwangu, ndiyo."

Ya pili tukaifuta upesi.
Kwenye ya tatu akaomba maji.
Alikuwa amesimama kwenye picha moja,
Amadeu hayumo, yeye mwenyewe hayumo:
mama yake jikoni, anafunga aproni
juu ya gauni la sherehe, hajui anatazamwa.
"Hii uliipigaje?"
"Nilikuwa natafuta choo."
Akacheka, macho yamefumba.
Kisha akabonyeza mwenyewe, zote, na hiyo pia,
mkono ukiwa mwepesi kuliko nilivyotaka.

Mlangoni akageuka.
"Kwa dada yako ni mbali?"
"Mabasi mawili. Na barabara ina barafu."
"Basi," akasema, "si leo."

Usiku ule niliamka saa tisa na dakika ishirini,
mimi, si diski.
Jokofu likanguruma. Taa tatu za buluu hazikupepesa.
Nikakata kipande cha plasta, nikaandika kwa kalamu,
nitakibandika nikienda Fundão, siku barafu ikiyeyuka:
*Hii usiiguse. Muulize Graciete.*