Watachoka

Baba alikuita Watachoka
mwaka ule wa ugomvi wa mpaka,
Bwana Thembo alipong'oa masale usiku
akayapanda upya hatua tatu
ndani ya kahawa yetu.
Baba hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji.
Alishuka sokoni Kasese
akarudi na kikapu, na ndani ya kikapu wewe,
kibunda cha manyoya na viroboto.
Kila jioni alisimama pale pale mpakani
akaita kwa sauti ya kuamsha mlima:
Watachoka! Njoo ule, Watachoka!
Ng'ambo, dirisha likafungwa.

Wewe hukujua kwamba ni kijembe.
Ulidhani ni jina.
Uliliitikia kwa mkia wote na nusu ya kiuno,
ukauvuka mpaka ulioletwa kuulinda,
ukalala kivulini mwa banda la Thembo,
wanawe wakakutoa kupe.

Ulinisindikiza shule hadi darajani, si zaidi.
Uliketi hapo, Nyamwamba ikisaga mawe chini yako,
na saa kumi nikirudi
nilikukuta umeketi vilevile,
kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Wengine wana hadithi za mbwa aliyebweka
akaokoa nyumba nzima.
Usiku ule mto ulipotoka kitandani mwake
wewe hukubweka.
Ulinyamaza,
na Mama, aliyezoea kulala juu ya kelele zako,
akaamshwa na kimya.

Kisha Baba akaenda zake,
jina likabaki, hasira haina mwenyewe.

Nimefika Jumatatu kwa basi la Mbarara.
Miguu yako ya nyuma imekwisha kufa,
jicho moja maji ya mchele.
Mama, aliyeapa miaka kumi na minne
kwamba mbwa haingii ndani,
amekutandikia gunia la kahawa jikoni, karibu na mafiga.
"Ni kwa sababu ya mvua," akaniambia.
Kiangazi kilikuwa kimepasua uwanja.

Daktari wa mifugo alikuja kwa bodaboda,
kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma kwa mpira.
Akafungua daftari. Jina?
"Watachoka," akasema Baluku.
Akaandika polepole, herufi moja moja,
hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Niliweka kiganja chini ya taya lako.
Ulinuka moshi, na ule unyevu wa mahindi ya zamani
ambao ni wako peke yako duniani.
Nilikuwa na maneno, niliyapanga njiani kote,
tangu Bushenyi niliyapanga.
Ukanilamba chumvi ya kifundo cha mkono
ukaendelea kulamba
hata sindano ilipokwisha kutoka,
halafu ulimi ukabaki hapo,
umesahau kurudi.

Mpini wa jembe letu ulikuwa umevunjika.
Nani alimwambia Thembo, sijui.
Alikuja na sururu yake ya mgodini, hakubisha hodi,
hakusema pole.
"Wapi?"
Mama akaonyesha kwa kidevu: kwenye masale.
Akachimba hapo hapo, nusu kwake, nusu kwetu,
akipumzika kila baada ya jiwe,
kifua kikipiga filimbi.
Baluku akanyoosha mkono apokee.
Mzee akauangalia ule mkono,
akarudi shimoni.

Tulikulaza na gunia lako.
Masika wa Thembo alileta kikombe cha maziwa,
akakiweka, akakichukua tena, akalia.

Jioni Mama akakwangua ukoko wa ugali wa muhogo,
akatoka mlangoni na sufuria
na kabla hajakumbuka, ulimi ukamtangulia:
Watachoka! Njoo ule, Watachoka!

Jina likapanda mlima, likarudi.
Hakuna aliyesogea.
Kisha, kutoka ng'ambo, dirishani,
sauti ya mtu mzima inayokwaruza:
"Tumeshachoka, Mama Biira.
Tumeshachoka."

Mama akabaki pale na sufuria,
ukoko ukipoa,
asijue amwagie nani.