Matanga ya Aliye Hai

Sauti yako imefika usiku, Muhindo,
simu ina asilimia nne, Birere yote giza.
Unasema huko Dublin, kando ya mto,
wamesimamishwa watu wa shaba, wembamba,
wanaiendea meli isiyokuwepo,
na mmoja amebeba mtu begani
kama tulivyombeba Babu siku ya kutoka Sake.

Unasema viazi vyao vilioza vikiwa udongoni,
huku ngano na siagi zikipakiwa bandarini
kwenda kwa wenye ardhi.

Nimecheka kidogo. Unisamehe.
Mimi nauza viazi vya Kibumba; harufu hiyo naijua,
kimoja kikioza gunia zima linaanza kunong'ona.
Na maroli ya maharage nayaona kila asubuhi
yakiwapita waliolala Kanyaruchinya
bila kupunguza mwendo.

Ila hili la matanga limenikalisha chini:
kwamba usiku wa mwisho kabla ya safari
walimlilia msafiri kama maiti,
naye yupo, anakula, anacheza,
maana nani angemwona tena?

Sisi tulikufikisha mpakani tukasema, atarudi.
Mama alikutilia viazi vya kuchemsha mfukoni,
chumvi pembeni, ndani ya karatasi.
Hakulia. Alirudi nyumbani akafagia ua,
ua wenyewe mawe matupu ya volkano,
akafagia hadi ufagio ukabaki kijiti.

Leo nimemweleza hayo ya watu wa shaba.
Kanyamaza. Kisha katandika mkeka,
kaweka sahani yako,
kaanza kulia, miaka sita baadaye.

Asilimia moja, Muhindo.
Sema kitu kabla haijazima.