Kilo ya Maji

Mimi ndiye karani wa mizani pale kituoni,
njia panda ya kwenda Mudete.
Kazi yangu ni kutundika gunia kwenye ndoano,
kusoma mshale, kutoa kilo moja ya maji,
na kuandika. Miaka kumi na mmoja sijamwibia mtu.
Niulizeni habari za majani, nitawaambia.
Maneno ndiyo sikujua kwamba yana uzito.

Alhamisi ile mvua ilitunyeshea tangu saa nane,
lori limechelewa, foleni imenuna,
Asige akafika wa mwisho na gunia linalochuruzika.
"Natoa mbili," nikasema. "Hili ni bwawa, si chai."
"Na mate yako je," akauliza, "tuyatoe kilo ngapi?"
Watu wakacheka, na kicheko kile
kiliniingia kama mchanga ndani ya kiatu.
Nikamrudishia. Nikamwambia
(nalisema tena hapa, mara ya mwisho):
"Ndiyo maana Jumba alikimbilia kaburini.
Huko angalau kuna kimya."

Walicheka zaidi. Hilo sitalisahau: walicheka zaidi.
Yeye hakusema kitu.
Aliokota majani mawili yaliyoanguka chini,
akayafuta tope kwa leso,
akayarudisha guniani, kana kwamba
yao ndiyo yaliyotukanwa.

Jioni ikaja mvua ya mawe.
Mnaoishi huku mnaijua: robo saa ya kelele za mabati,
watoto wanachomoka nje kuokota barafu, wanaitia mdomoni,
kisha jua linatoka kama halikuona lolote.
Mawe huyeyuka kabla chai haijachemka.
Lakini nenda shambani siku ya tatu.
Kila jani lina tundu lenye ukingo mweusi,
na mchai unakaa wiki baada ya wiki haujachipua.
Nilisimama kati ya mistari yangu, nikishika jani moja moja.
Nilikuwa nimeshasahau nilichosema kituoni.
Jiwe halikumbuki jani.

Jumapili, Kanisa la Marafiki.
Sisi tuna desturi ya kunyamaza kabla ya mahubiri,
dakika tano, kumi, kila mtu na Mungu wake.
Nimekaa ndani ya kimya hicho tangu utotoni
nikihesabu misumari ya dari.
Siku hiyo nilikitafuta nisikipate.
Sauti moja ilizungumza ndani yangu, na ilikuwa yangu,
ikilitaja jina la marehemu kwa mzaha.
Benchi la pili, kitambaa cheupe cha Asige hakikutikisika.
Nikawaza: huyu aliyetemewa mate
asirudishe tusi hata moja,
mimi namwita Bwana kwa mdomo gani?
Kikapu cha sadaka kilipopita sikutoa.
Noti ilibaki kiganjani, imelowa.

Nilimkuta jikoni akichambua mrenda.
Nikaanza hotuba niliyoiandaa njia nzima.
Hakuniacha nifike mwisho.
"Hapa hukunitukana," alisema. "Hapa hakuna foleni."
Akaendelea na mboga zake.

Basi Jumatatu nilipanda juu ya kreti.
Sidai kwamba nilisema vizuri. Nilikwama mara mbili.
Vugutsa, kule nyuma, alianza kucheka
akajikuta anacheka peke yake.
Nilisema Jumba alikuwa mpole na alimpenda mkewe,
kwamba nilimsingizia marehemu nikamjeruhi mjane,
kwamba mzaha ulikuwa kifuniko tu,
na chunguni mlikuwa na kiburi.
Asige alinisikiliza, mkono mmoja juu ya gunia.
"Umemaliza?"
"Nimemaliza."
"Basi pima. Lori linakuja."

Sijui kama amenisamehe. Hajasema, nami siulizi;
michai ina wiki zake.
Ila siku hizi neno likinijia, lile tamu lenye makali,
nalitundika kwanza.
Natoa hasira. Natoa wanaosikiliza.
Mara nyingi mshale unarudi sifuri
na hakuna kilichobaki cha kusema
ila kilo zake, na "Mirembe, mama,"
salamu ambayo, sasa nakumbuka,
siku ile ya mvua sikumpa.