Mita ya Tarakimu Tano

Mita yake ina tarakimu tano tu.
Ikifika laki husahau yote,
huanza sifuri kama aliyezaliwa jana.
Sasa inasoma elfu kumi na moja na arobaini na tatu,
na Rayén, miaka kumi na mitano, mikono mifukoni,
akauliza: "Kumbe bado changa?"

Maneno yake ya kwanza tangu Jumanne.
Kaka yangu Anselmo alimshusha kituoni Esquel
na begi moja, akarudi Comodoro kwenye visima vya mafuta.
Maagizo: ale vizuri, asikeshe na simu.
Mimi sina mtoto. Nina kondoo mia mbili
na pikapu ya marehemu baba, Ford ya sabini na nane,
iliyolala ghalani vipupwe vinane,
kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Tukaanza na kuku.

Kisha boneti. Ililia kama mlango wa jela.
Nikamwonyesha: hii kabureta, hili ndilo koo lake;
plagi ni sita, usichanganye waya;
hapa gasketi imeungua, ndiyo maana maji na oili
vimeoana bila kuaga wazazi.
Alicheka? Wapi. Kona ya mdomo ilisogea
unywele mmoja, nami nikajifanya natafuta spana.

Upepo wa Chubut hauna adabu.
Unapenya mabati, unachukua kofia,
unachukua sentensi kabla haijaisha.
Tukajifunza kusema kwa mikono:
vidole viwili, tochi; ngumi, nyundo;
kiganja wazi, ngoja.

Bolti moja ya kichwa cha injini iligoma siku mbili.
Nilitukana kwa Kihispania, kisha kwa Kimapuche cha bibi,
ambacho nimebakiza matusi tu.
Rayén akaidondoshea mafuta ya taa, tone kwa tone,
kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji.
Asubuhi ya tatu ikalegea, mkononi mwake, si mwangu.
Tulifunga mpya. Ile ya zamani aliitia mfukoni.

Tulipofikia kutu ya mlango nikampa msasa.
Akasugua bluu, ikatoka kijani,
akasugua kijani, kisha akasimama.
"Shangazi, hapa pamechanjwa."

Mikato sita, ya msumari, kwenye fremu.
Bluu niliipaka mimi, baada ya mazishi,
nilipotaka kuiuza.
Kila mita ilipozunguka ikarudi sifuri
baba alisimama hapo hapo, hata kwenye mvua,
akachonga mmoja, akaendelea na safari.
Laki. Laki. Laki. Laki. Laki.
Wa sita umepinda, mwepesi, unaishia njiani.
Mwaka ule mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Hapa sipigi msasa," akasema.
Nikamwambia kutu haina huruma,
itakula mikato na mlango wenyewe.
Tukabishana kwa sauti, hadi mbwa akatoka nje.
Alishinda. Akapaka grisi kwa kidole, mkato kwa mkato,
na ule wa sita akaurudia.

Jumapili ya mwisho ya Agosti tukafunga betri.
Stata ikakohoa. Ikakohoa. Ikanyamaza kwa dharau.
Halafu silinda zikaitana, moja, tano, tatu, zote,
moshi mweusi nyuma, na mbele, kwenye hita,
manyoya ya kuku yakitupulizia usoni.
Rayén akashika usukani. Nikaketi upande wa abiria,
ambako sikuwa nimekaa tangu nikiwa na umri wake.

Tulifika lango la tatu.
Hapo mkanda wa feni ukakatika,
kilomita nne kutoka nyumbani, theluji ikianza.
Nikasubiri anune. Akainama akasoma mita:
"Elfu kumi na moja na arobaini na saba."
Akagongagonga bolti yake kwenye dashibodi, akihesabu.
"Bado elfu themanini na nane, mia tisa hamsini na tatu
mpaka mkato wa saba. Una msumari?"

Sikuwa nao.
Tukafunga vifungo vya makoti, tukaanza kutembea.